Nani Alimwandika? Drafti ya Marekani na Viwanja vya Ufipa

Mwezi wa nne mwaka huu, wiki ile bumu limechelewa na chumba kizima kinaishi kwa chai ya rangi, mwenzangu wa chumba alikuwa amelala kifudifudi anaangalia video kwenye simu. Nikachungulia. Kijana mkubwa kama mlango kavaa suti, kamkumbatia mama yake, wote wanalia. Pembeni watu wanashangilia. Hakuna uwanja, hakuna refa, hakuna mpira.

"Hiyo harusi ya nani?" nikamuuliza.

"Harusi wapi, mzee. Hiyo ni drafti."

Mimi drafti ninayoijua ni ile ya vizibo vya soda, ya wazee wanaokaa kivulini Sumbawanga mjini na kubishana mpaka jua linazama. Mwenzangu akacheka, akasema ndiyo maana sisi wa Rukwa tunasafiri kwa ungo, teknolojia nyingine hatuna habari nazo. Utani wa ungo nimeuzoea, tangu mwaka wa kwanza nausikia. Nikakaa, tukaangalia wote. Kijana yule wa suti alikuwa anatoka chuo kidogo ambacho hata mtangazaji alikitaja kwa kusoma karatasi. Swali likanibana: timu kubwa ilimjuaje huyu?

Swali hilo halikunibana kwa sababu ya Marekani. Lilinibana kwa sababu ya binti mmoja wa kidato cha pili niliyemfundisha hesabu wakati wa TP mwaka jana, kwenye shule moja ya kata huko kwetu Ufipa. Nitafika kwake. Kwanza tuelewe drafti yenyewe, maana nilipoanza kusoma habari zake niligundua sisi wanafunzi wa elimu tuna la kujifunza humo, hata kama hatutawahi kuugusa huo mpira wao wenye umbo la yai.

Drafti ni nini hasa

Ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, NFL, ni ya mchezo ule wa kofia ngumu, ambao mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono kuliko unavyopigwa kwa mguu. Ina timu 32. Kila mwaka mwezi wa nne timu hizo zinagawana wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu. Kuna raundi saba, na jumla ya wanaochaguliwa ni takriban 260. Mchezaji haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, kwa hiyo karibu kila mmoja hupitia chuoni.

Mchezaji hachagui timu, timu ndiyo inamchagua yeye. Ukitaka kuelewa hali yake, kumbuka uchaguzi wa kidato cha tano. Unajaza unachokitaka, unasubiri, halafu siku ya siku unafungua tovuti ya TAMISEMI unakuta umepangiwa shule ambayo hujawahi kuisikia. Tofauti ni kwamba wewe ulipewa fomu ya kujiunga yenye orodha ya ndoo, fagio na jembe, na yeye anapewa mkataba wa dola.

Kanuni yake kubwa ni hii: timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inachagua kwanza, na bingwa anachagua mwisho. Fikiria ligi yetu ingekuwa hivyo. Timu iliyoponea chupuchupu kushuka daraja inamchukua kinda bora wa nchi nzima, Simba na Yanga wanakaa kwenye foleni wakisubiri zamu yao. Nadhani Kariakoo pasingelalika.

Wazo hilo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu ambayo wakati huo ilikuwa inafungwa mara kwa mara na haikuwa na fedha za kupigania wachezaji na wakubwa. Drafti ya kwanza ilifanyika Februari 1936 katika hoteli moja mjini Philadelphia. Timu zilikuwa 9, raundi 9, wachezaji 81. Majina kama 90 yaliandikwa ubaoni na timu zikachagua humo. Skauti wa vipaji hawakuwepo. Watu walitegemea walichosoma magazetini na walichosikia kwa marafiki. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Aliona kazi nyingine ina maslahi zaidi.

Naomba uushike huo ubao wa majina 90. Huenda mahali fulani kulikuwa na mchezaji wa 91 aliyewazidi nusu ya wale wote. Lakini hakuna aliyemwandika, kwa hiyo siku ile ni kama hakuzaliwa.

Tatizo la kutoka chuo kidogo

Marekani michezo ya vyuo imepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza lina vyuo vikubwa vyenye fedha. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa mfano, unaingiza watu zaidi ya 100,000, wakati Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unaingiza 60,000. Mechi zao zinaonekana kwenye televisheni kila Jumamosi. Chini yao kuna daraja la pili, na chini zaidi la tatu, ambalo vyuo vyake haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mchezaji wa daraja la tatu analipa ada kama mimi na wewe, anasoma, jioni anakwenda mazoezini.

Huko chini kuna watu. Mwaka 2015 Tampa Bay Buccaneers walimchukua Ali Marpet kutoka Hobart, chuo kidogo cha jimbo la New York kilicho daraja la tatu. Alichaguliwa wa 61, na hakuna mchezaji wa daraja hilo aliyewahi kuchaguliwa mapema namna hiyo kwenye drafti ya sasa. Februari 2021 alikuwa uwanjani timu yake ikichukua ubingwa wa ligi.

Mwingine ni Jerry Rice, mtoto wa fundi mwashi wa Mississippi. Alimsaidia baba yake kazi, na inasimuliwa kwamba mikono yake ilizoea kudaka kwa sababu ndugu zake walikuwa wakimrushia matofali juu ya jukwaa. Alisoma Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi katika mji mdogo wa Itta Bena. Usiku mmoja mwaka 1984, Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alikuwa hotelini kabla ya mechi, akawasha televisheni, akaona vipande vya mchezo vya kijana huyo. Timu yake ilikuwa bingwa, kwa hiyo kwenye drafti ya 1985 ilikuwa ichague mwisho. Walsh akabadilishana zamu na timu nyingine ili asogee mbele, akamchukua Rice akiwa wa 16. Rice alicheza misimu 20 na umbali aliousogeza mpira kwa kuudaka ni yadi 22,895, karibu kilomita 21. Mpaka leo hajapatikana wa kumfikia.

Ukisimulia hadithi ya Rice haraka inaonekana ni bahati, kocha kawasha televisheni tu. Lakini mtu mwingine alikuwa ameshapeleka kamera kwenye uwanja wa chuo kile. Bila kamera, Walsh angeangalia taarifa ya hali ya hewa akalala.

Mwandishi wa habari na saa yake

Mfano ulionikaa zaidi ni wa mtu ambaye hakuwa mchezaji wala kocha.

Kusini mwa Marekani, hadi miaka ya 1960, vyuo vikuu vikubwa vingi havikuwa vikiwapokea wanafunzi weusi. Wachezaji weusi walisoma kwenye vyuo vyao wenyewe: Grambling, Jackson State, Southern, Alabama A&M na vinginevyo. Vilikuwa vidogo kifedha, lakini viwanja vyake vilijaa vipaji. Magazeti makubwa hayakufika huko. Gazeti lililofika lilikuwa Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, na mwandishi wake wa michezo aliitwa Bill Nunn. Mwaka baada ya mwaka Nunn alizunguka vyuo hivyo, akaangalia mechi, akazungumza na makocha, na gazeti lake likachapisha kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya watu weusi.

Katika mji huohuo wa Pittsburgh ilikuwepo timu ya Steelers. Ilianzishwa 1933, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa haijashinda hata mechi moja ya mtoano. Nunn hakuficha kwamba hakuipenda namna ilivyovipuuza vyuo vile. Dan Rooney, wa familia iliyomiliki timu, badala ya kununa akamwita kazini. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Nunn akaingia na alichokuwa nacho kichwani na kwenye makaratasi yake: majina, vyuo, makocha, miaka ya kutazama.

Kwenye drafti ya 1974 Steelers walimtaka John Stallworth wa Alabama A&M. Maskauti wa timu kadhaa walikwenda chuoni kumpima mbio. Siku hiyo uwanja ulikuwa umelowa, muda wake ukawa wa kawaida tu. Wengine wakaandika walichokiona, wakaondoka. Nunn akasema anaumwa, akabaki nyuma. Kesho yake akampima tena mahali pakavu. Muda ukawa mwingine kabisa. Steelers wakampata Stallworth raundi ya nne, akiwa wa 82, huku wengine wakiwa na karatasi zao za uwanja uliolowa. Mwaka huohuo wakamsajili Donnie Shell wa South Carolina State, ambaye raundi zote zilipita bila timu yoyote kumchagua. Wote wawili leo wamo kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Steelers wakachukua ubingwa mara nne ndani ya misimu sita. Nunn naye akaingizwa kwenye jumba hilo mwaka 2021, miaka saba baada ya kufariki.

Nilipofika kwenye habari ya uwanja uliolowa niliweka simu chini. Utaona kwa nini.

Sisi Afrika Mashariki je?

Usidhani haya ni ya kwao tu. Njia ya chuo kidogo imewahi kupitwa na mtu wa ukanda wetu, ingawa ni kwenye mpira wa kikapu.

Manute Bol alikuwa Mdinka wa Sudan ya Kusini, nchi ambayo leo ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Urefu wake ulikuwa sentimeta 231. Kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan mwaka 1982 kufundisha, akamwona, akamsaidia kufika Marekani. Mwaka 1983 timu moja ya NBA ikamchagua, ligi ikakataa kwa sababu hakutimiza masharti. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na vyuo vikubwa vina vigezo vyake. Akaenda Chuo Kikuu cha Bridgeport, chuo cha daraja la pili katika jimbo la Connecticut, ambako angeweza kusoma Kiingereza huku akicheza. Msimu mmoja tu, 1984/85, alikuwa na wastani wa pointi 22.5 kwa mechi. Drafti ya 1985 ikamchagua akiwa wa 31, timu ya Washington Bullets. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397. Alicheza NBA miaka kumi, na ndiye mchezaji wa ajabu ambaye mitupo aliyozuia, 2,086, inazidi pointi alizofunga, 1,599. Fedha nyingi alizopata alizirudisha kusaidia watu wake waliokuwa vitani. Alifariki 2010.

Sasa mlinganishe na wetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, ambao ni umri mkubwa kuanza. Akapitia sekondari Marekani, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, jimbo lilelile la Bridgeport, lakini hiki ni chuo kikubwa chenye jina. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili, Memphis Grizzlies. Stephen Curry siku ile alichaguliwa wa 7. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na heshima hiyo hakuna wa kumpokonya. Lakini Februari 2010 timu yake ilimpeleka ligi ya chini kupata mazoezi, na jumla ya misimu yake NBA ikawa mitano.

Simdharau kaka yetu, na ninayemsikia akimcheka huwa namwambia ataje yeye alichaguliwa wa ngapi na wapi. Ninachotaka kusema ni kwamba namba ya drafti inategemea sana watu wameona nini mpaka siku hiyo. Wa 31 kutoka chuo kidogo alidumu miaka kumi. Wa pili kutoka chuo kikubwa alidumu mitano. Wapimaji waliobobea, wenye kamera na fedha, bado wanakosea. Sembuse sisi tunaopima kwa macho.

Mzunguko wa mita mia nne

Sasa turudi Ufipa.

Kwa wasioijua, Ufipa ni uwanda wa juu, uko kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba na wa nane kunapiga upepo wa baridi ambao unakata masikio, na vumbi la mashamba yaliyovunwa mahindi linaingia mpaka kwenye uji. Mpira wa juu tumeuonja mara chache. Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons walihamishia mechi zao za nyumbani Uwanja wa Nelson Mandela pale mjini, Simba wakaja wakafungwa 1-0, na mji ulisimulia mechi ile kama harusi ya mtoto wa chifu. Baada ya hapo tukarudi kusikiliza redio.

Kwenye shule niliyofanyia TP nilipewa hesabu na jiografia, na kwa kuwa nilikuwa kijana kuliko walimu wote, nikapewa michezo pia. Hivyo ndivyo walimu wengi wa michezo wanavyopatikana nchini. Binti niliyemtaja alikuwa anakaa nyuma darasani, mpole, hesabu zake za wastani. Asubuhi alikuwa anakuja kutoka kijiji cha mbali kwa mbio, viatu mkononi, anavivaa akifika getini. Jioni akikimbia na wavulana wa kidato cha nne, wavulana walikuwa wanatafuta visingizio.

Mwezi wa nane wakapita wageni wawili, walimu kutoka shule moja yenye programu ya riadha, wanazunguka kutafuta wasichana wa mita 800. Walikuja na saa nzuri ya kuhesabia sekunde na daftari. Mmoja wao akaniuliza:

"Mwalimu, mzunguko wenu huu ni mita mia nne?"

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu.

Nilijibu hivyo kwa sababu kila mtu pale shuleni alikuwa anauita mia nne. Chaki ya mistari ilipigwa zamani, na aliyeipiga alishahama.

Binti akakimbia mizunguko miwili, peku, upepo unamkabili upande mzima wa kaskazini. Dakika 2 sekunde 52. Kiwango chao kilikuwa dakika 2 sekunde 45. Mgeni akaniangalia tena, na nadhani alitaka kumsaidia: "Muda wake wa kawaida ni upi?"

Nikasema, "Huyu anakimbia sana."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Wiki sita nimemtazama akikimbia kila jioni na sikuwahi kumpima hata mara moja, wakati simu yangu ina saa ya sekunde na nilikuwa naitumia kuchemshia mayai. Wageni wakaandika walichokiona, wakashukuru, wakaondoka. Binti akanifuata nje ya ofisi.

"Shikamoo, mwalimu. Kwani nimekimbia vibaya?"

Nikamwambia hapana. Sikuwa na la kuongeza.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mada ya mzingo kidato cha pili. Kulikuwa na fundi anajenga darasa, nikamwazima tepu yake ya mita 30, nikawatoa watoto nje wapime uwanja. Tukapima mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani wamekosea. Mzunguko wetu wa mita 400 ulikuwa mita 436. Binti yule alikuwa amekimbia mita 872. Nikafanya hesabu ubaoni, peke yangu, watoto wameshaondoka: kwa mwendo uleule, mita 800 angezimaliza kwa dakika 2 na sekunde 38 hivi. Angepita.

Nikapiga simu. Mwalimu yule alinisikiliza kwa heshima, akasema orodha imeshakwenda, labda mwaka mwingine. Simlaumu. Yeye alikuja na saa na daftari, mimi nilikuwa na neno "sana".

Daftari la mwalimu

Watu wakizungumzia vipaji vya mikoani wanalalamikia vitu vitatu: hakuna viwanja, hakuna fedha, wakubwa hawaji. Yote ni kweli. Pia hatuna drafti, kwa hiyo hakuna kanuni inayoilazimisha timu dhaifu kuhangaika kutafuta mchezaji wa Laela au Matai kabla ya wenzake. Hayo hatuwezi kuyabadilisha kwa nguvu za mwanafunzi wa TP.

Lakini kwenye hadithi zote hizi kuna kitu kimoja ambacho hakikuwa cha fedha. Nunn alikuwa na majina na akarudia kipimo. Bol alikutana na kocha aliyemfuatilia mpaka akapata chuo kinachomfaa. Rice alikuwa kwenye mkanda. Kabla ya mkubwa kuja, palikuwa na mtu mdogo aliyeweka kumbukumbu. Kwetu sisi mtu huyo ni mwalimu. UMITASHUMTA na UMISSETA zinaanzia shuleni, zinapanda mpaka wilaya, mkoa na taifa, na mlango wa kwanza wa ngazi hiyo unashikwa na mimi na wewe tunaosoma elimu.

Kwa hiyo, mwana-elimu mwenzangu, unapopanga begi la TP, weka daftari moja la michezo. Nimejifunza kwa kukosea, nawapa bure:

1. Pima uwanja kwanza, kwa tepu au kamba uliyoipima. Usirithi namba ya mtu aliyehama.

2. Andika jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti, anza kumsaidia mapema. Watoto hukwama kwa karatasi kuliko kwa miguu.

3. Pima mara tatu, siku tofauti, na andika hali ya siku hiyo: upepo, matope, peku au viatu, kala au hajala.

4. Kwa mpira wa miguu, netiboli au kikapu, pima urefu kila muhula, na andika mambo yanayohesabika. Mabao mangapi, dhidi ya nani, kadaka mangapi. "Ana kipaji" si taarifa.

5. Rekodi video kwa simu ukiwa umesimama mahali pa juu, simu umeilaza, uwanja uonekane.

6. Andika na alama zake za darasani. Bol alikwamishwa na Kiingereza, si urefu. Shule yenye programu ya michezo nayo itauliza matokeo.

7. Nakala moja mwachie mkuu wa shule na nyingine afisa michezo wa wilaya, maana wewe baada ya miezi miwili utaondoka.

La nane nalisema kwa msisitizo. Daftari hilo lina taarifa za watoto. Akija mtu usiyemjua anasema ana timu Ulaya au Uarabuni, anataka pasipoti na fedha za usafiri, usimpe kitu. Mzazi, mkuu wa shule na afisa wa wilaya wakae pamoja kwanza. Kipaji kinaweza kusubiri wiki mbili. Mtoto aliyepotea haelezeki kwa mzazi wake.

Na tusiwadanganye watoto. Hata kule Marekani kwenye fedha na kamera, wanaochaguliwa ni 260 hivi kwa mwaka kutoka nchi nzima. Wengi mno wa vyuo vidogo wanamaliza, wanakuwa walimu, wahasibu, mafundi, na wanacheza Jumamosi kwa furaha yao. Kazi ya daftari si kumwahidi mtoto suti na dola. Kazi yake ni kwamba akikosa, akose kwa mita mia nane za kweli.

Wiki iliyopita nilimwandikia mwalimu mmoja wa shule ile, tukawa tunachati. Binti sasa yuko kidato cha tatu. Nilimwomba mwalimu apime upya mzunguko, apige chaki, ampime. Nilidhani atasahau, ana vipindi 28 kwa wiki. Juzi usiku, niko maktaba nahangaika na kazi ya takwimu, ujumbe ukaingia. Alikuwa amepiga picha ukurasa wa daftari, mwandiko wake wa kalamu nyekundu:

"Mita 800. Jumanne asubuhi, upepo mdogo, uwanja mkavu, peku. Dakika 2 sekunde 34. Nitampima tena Alhamisi."